Magadi ya Mama

Jumatatu, 11 Agosti

Msimbati. Arobaini ya mama ni Jumapili. Leo shemeji Kassimu, mume wa dada yangu Mwajuma, katangaza mbele ya ndugu wote kwamba arobaini ikishapita, kisima cha mama kinafukiwa. Anataka kujenga banda la kuku juu yake. Kuku! Kasema maji yananuka yai viza, na kisima kisichonyweka ni shimo tu. Ndugu wakaafiki. Hata Mwajuma aliendelea kukusanya vikombe.

Ni kweli yananuka, mwaka wa pili huu. Lakini mama aliunywesha mtaa mzima kwa kisima hicho. Hakumnyima mtu ndoo. Nikasimama, nikasema Jumapili wageni watakunywa maji yale yale na hakuna atakayeziba pua. Kassimu akauliza kwa dawa gani. Nikajibu ni siri. Dawa yenyewe sikuwa nayo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda mjini, mtaa wa Rahaleo, kwa Mwalimu Faraja anayefundisha kemia. Dawa ya harufu, kasema, ni mkaa, ila si wa kupikia. Unaloweka vifuu vya nazi kwenye maji ya potasiamu kaboneti, unavikausha, unavichoma ndani ya kopo lililozibwa mpaka kopo liwe jekundu. Ile kaboneti inautoboa mkaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na harufu inanasa humo.

Nikauliza potasiamu kaboneti inauzwa duka gani. Akacheka sana. Kumbe ndiyo iliyomo kwenye magadi ya majivu, yale ambayo wanawake wa kwetu huchuja kwa ajili ya kulainisha kunde na mboga ya mlenda! Dada yangu anayo jikoni. Nilitoka pale najiona mkemia. Kuna jambo la mwisho alisisitiza, kuhusu kuosha, lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeanza na maganda ya korosho badala ya vifuu. Yapo bure, malundo nyuma ya nyumba. Wazo langu mwenyewe. Mtoto yeyote wa huku anajua kuwa mafuta ya ganda la korosho yanababua. Nimezaliwa huku, nikayashika kwa mikono mitupu. Vidole vyote malengelenge. Moshi nao ukaingia msikitini wakati wa Alasiri, watu wakaswali wakikohoa. Kassimu alikuja kunipa pole. Sijawahi kumwona ana furaha vile.

Alhamisi, 14 Agosti

Vifuu sasa. Mwajuma alipolala mchana, nikachukua chungu chake cha magadi, nikamimina yote kwenye beseni la vifuu. Kazi safi!

Jioni akataka kupika mlenda. Akatafuta chungu. Hakugomba, afadhali angegomba. Kaniambia tu kwamba magadi yale aliyachuja mama mwenyewe, wiki ile kabla hajaanza kuumwa, kwa majivu ya maganda ya ndizi. Alikuwa akiyatumia tone kwa tone ili yasiishe.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia. Nilimlilia mama kuliko siku ya mazishi. Kisha nikavigeuza vifuu, vilowe pande zote.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimevikausha juu ya bati mpaka maji yote yakakauka. Nimetia kwenye kopo la rangi, nikaziba kwa udongo, nikabakiza tundu dogo la kutolea moshi. Nimeazima feni ya mhunzi, nikapuliza moto. Kopo limekuwa jekundu kweli! Nyusi zangu zimeungua, hasa ya kushoto. Kassimu kapita na katoni za maji ya dukani kichwani, kaziweka mahali ambapo lazima nizione.

Jumamosi, 16 Agosti

Mkaa ni mweusi, mwepesi, ukiushika unateleza. Mwalimu Faraja kapiga simu kuuliza kama nimeuosha mpaka utelezi ukaisha. Nikasema ndiyo. Sikuosha. Kuosha kunataka maji safi mengi, na maji safi yote yamo kwenye tangi la Kassimu. Nikamwombe maji mtu ninayeshindana naye kwa maji? Bora nife. Halafu, magadi ya mama niyamwage mchangani? Hilo siliwezi.

Nimepanga kwenye pipa: kokoto, mchanga, mkaa, kitambaa. Maji yametoka mang'avu. Hayanuki! Nimenusa mpaka pua ikauma.

Jumapili, 17 Agosti

Watu wengi. Nikawapa maji kwa mkono wangu. Wa kwanza kunywa akakunja uso. Wa pili akauliza kama kata ilikuwa na sabuni. Imamu akatawadha, mikono ikamteleza, akatawadha upya kwa maji ya Kassimu. Kassimu akafungua katoni taratibu, moja baada ya nyingine. Nilitaka kisima kinifukie mimi.

Kikaletwa chakula. Mwajuma alikuwa amepikia kunde maji ya pipa langu, maana ya dukani yalikuwa ya wageni. Bi Tatu, shoga yake mama, ambaye hana jino hata moja, akatia kunde kinywani, akazimumunya. Akasema kunde hizi zinayeyuka. Akasema huu ni mkono wa marehemu. Wenzake wakaonja. Wakaanza kulia, Mwajuma naye. Bi Tatu akafuta macho, akauliza maji yametoka wapi, akaambiwa kisimani. Akamgeukia Kassimu, akamwambia atakayekifukia kisima kile aanze kumfukia yeye.

Banda la kuku limehamishiwa nyuma ya choo.

Watu walipoondoka, nilikunywa kata nzima peke yangu. Yanateleza, yana uchumvi, ni mlenda wa mama kabisa. Nikanywa ya pili.

Jumatatu, 18 Agosti

Tangu alfajiri wanawake wanapanga ndoo kisimani, mbele ya pipa langu, wote wanataka maji ya kupikia kunde. Mwajuma kaniita pembeni. Kasema magadi ya kwenye mkaa yatakwisha, mkaa utachoka na harufu itarudi, na watu watajua siri ilikuwa magadi. Kanisihi safari hii nichome mkaa mwingine, niuoshe vizuri, watu wanywe maji kama mama alivyotaka. Nikamwapia nitafanya hivyo.

Ameanza kuchuja magadi mapya ya mlenda wake, akakificha chungu. Nimeshakiona. Kipo nyuma ya gunia la mihogo mikavu, na leo mchana atalala tu.