Nilivyousikia Mutondo Ukifanya Kazi

Jumatatu, 11 Machi 2024

Nafasi ni moja tu! Madame Nkandu, profesa wetu, atachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda naye msitu wa Lukafu, kukaa juu ya mnara wa vipimo. Kulala juu ya vilele vya miti! Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Sharti: kila mmoja aandike modeli ya hesabu ya mti mmoja, toka mwanga unapogusa jani hadi hewa na maji vinapopita. Ijumaa modeli italinganishwa na mti wenyewe. Plamedie tayari anahesabu majani kwa mkono. Maskini! Mimi nina picha ya mti wa mutondo ulio nyuma ya nyumba ya tantine Agnès, shangazi ninayekaa kwake. Niliipiga Januari. Majani tele. Inatosha.

Jumanne, 12 Machi

Nimelala mkekani chini ya mutondo, macho nimefumba, nawaza hesabu. Mwanga unashuka, kila tabaka la majani linachukua sehemu yake, la chini linaambulia makombo. Vitundu vya jani vinafunguka kuingiza hewa, maji yanatorokea humo humo. Hewa ikikauka, jani linafunga mlango. Nikajihisi jani. Nikafunga mlango. Nimeamka jioni.

Sehemu ya kupumua nimeifuta. Eti mti ukipumua unateketeza sukari yake wenyewe, mchana na usiku. Inanipunguzia jibu.

Jumatano, 13 Machi

Ajabu! Leo nimeusikia mti ukifanya kazi. Sauti laini, kama manyunyu juu ya bati, na mbinguni hakuna wingu. Majani yanapika sukari kwa jua! Machozi yamenitoka. Plamedie na vidole vyake hataisikia maishani. Vipunje vyeusi vimeangukia karatasi zangu, nimevipuliza. Jua limekuwa kali usoni. Nikasogeza mkeka. Nikausogeza tena. Kumbe mwanga unaongezeka! Nimeuongeza na kwenye modeli.

Alhamisi, 14 Machi

Plamedie amekuja kuuona mutondo wangu. Akatazama juu, akacheka, akauliza kama nimeinua kichwa wiki hii. Wivu mtupu! Nikamjibu kwamba mwanasayansi huinamisha kichwa. Jioni tantine akaniwekea bukari, ugali wetu, na sahani ya viwavi wa kukaanga.

"Kula, Stany. Binkubala ya huu mwaka iko na mafuta mingi."

Sikuuliza wametoka wapi. Nikala, nikaongezwa, nikalamba vidole. Nimeota niko mnarani, msitu mzima unanong'ona chini yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Aibu! Modeli yangu inasema hakuna mutondo wenye majani kama wangu Haut-Katanga nzima. Madame akaja na darasa lote, tukazunguka nyumba. Mti uchi! Matawi matupu, na tantine na ndoo yake anaokota viwavi wa mwisho. Madame akaniuliza taratibu:

"Mu modèle yako, nani anakulaka majani?"

Nikasema hakuna. Akashangaa: mtoto wa Katanga, msimu wa viwavi, anasahau viwavi? Tantine, kwa upendo, akaongeza kwamba mimi ndiye niliyekula wengi kuliko wote. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nafasi imekwenda kwa Plamedie. Roho imeniuma, nimelia kweli kweli nyuma ya jiko.

Madame akanikuta huko, akanihurumia. Alisema Plamedie atahitaji msaidizi. Nichague mti mwingine, niuangalie vizuri kwanza, nimwonyeshe Jumatatu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepata! Mparachichi wa mbele ya nyumba. Viwavi hawaugusi. Nina picha yake pia, ya mwezi uliopita, matunda mpaka matawi yanainama. Modeli tayari: Jumatatu Madame atayakuta yote juu, yamenenepa zaidi. Sehemu ya kupumua nimeifuta tena.

Niko mkekani, macho nimefumba. Mti huu nao unafanya kazi, tena kwa nguvu! Matawi yanatikisika, tantine na majirani wanaitana, vikapu vinaburutwa. Mnara wa Lukafu nauona kabisa. Tunda moja limeangukia kando ya sikio langu, limeiva vizuri. Nimelila lote, na chumvi kidogo.