Mirathi ya Ezra Stroud

Ijulikane kwa wakazi wote wa Kaunti ya Harlow, Missouri, kwamba kuanzia Novemba hii ya 1871, hakuna marehemu atakayeacha hata kijiko bila Mahakama kukitambua rasmi.

Tangazo hilo aliliandika Orville Tackett, karani wa mirathi, akalibandika mlangoni pa mahakama, akarudi nyuma hatua tatu kulifurahia.

Marehemu wa kwanza kunufaika alikuwa Ezra Stroud, mkulima. Orville alifika kwake na wathamini watatu. Wakaorodhesha plau, vitanda viwili na jiko la chuma. Kisha jiko likapigwa lakiri, maana mali ya marehemu haiguswi kabla ya kugawanywa.

“Orville, nitapikia wapi? Utosini mwako?” akauliza mjane, Bi Mahala.

“Andika ombi, mama.”

“Theluji inaanguka! Watoto wanatetemeka!”

“Kutetemeka hakumo kwenye orodha.”

Bi Mahala akaandika. Ombi likarudishwa: alijiita mjane bila kuambatisha uthibitisho wa ujane. Akauambatisha. Likarudishwa tena, wino umepauka. Wiki tatu alipikia nje juu ya mawe, na kitinda mimba wake akaanza kukohoa usiku kucha.

Ndipo alipoingia mahakamani, theluji begani. Jaji Pomeroy alikuwa anaota moto.

“Nasikia hamwachi kitu,” alisema Bi Mahala. “Mbona ardhi ya Ezra hamjaiandika yote?”

Orville alihisi kama kapigwa kofi. Yeye, kuacha kitu! Jaji akaamuru ipekuliwe mpaka shubiri ya mwisho.

Karani alipekua hati siku nne. Siku ya tano alisoma matokeo kwa sauti ya fahari: kiwanja cha mahakama kilikuwa cha marehemu. Kaunti iliazimwa tu.

“Orville,” Jaji akanong’ona, “hilo umeshalisajili?”

“Kwa mhuri, mheshimiwa! Na jengo nimelipiga lakiri. Tutokeni.”

Nje, meno ya Jaji yakigongana, ilionekana mirathi inahitaji upesi msimamizi mwenye ruhusa ya kubandua lakiri, na kisheria wa kwanza kuteuliwa ni mjane. Jaji akasaini uteuzi juu ya mgongo wa Orville. Bi Mahala akaenda moja kwa moja nyumbani, akabandua lakiri, akawasha jiko, akamchemshia mwanawe supu.

“Nasi je, mama?” Jaji alibisha hodi kwa unyenyekevu. “Kesho kuna kesi.”

“Sina roho mbaya, baba. Nina banda.”

Asubuhi Orville alitangaza kwa sauti kuu kwamba Mahakama inaingia, wote wasimame. Nguruwe hawakusimama.