Jinsi Sadock Alivyosimamisha Ndege Mbele ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi watu wa milimani na wa nyikani, nyinyi mnaoshusha mizigo Hedaru na nyinyi mnaolima kwenye miteremko ya Mhezi. Wekeni chini majembe, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwani nataka kusimulia tendo kuu lililotendeka Jumanne moja, saa nne asubuhi, katika kiwanja kidogo cha ndege bondeni upande wa Same, tendo ambalo shujaa wake hakushika upanga wala mkuki. Nami nilikuwapo, nimeegemea uzio, hivyo mtu asiniambie kwamba nazidisha.

Shujaa huyo ni Sadock mwana wa Zephania, Mfagizi wa Changarawe, Hofu ya Mbuzi, Mwenye Kizibao cha Reflekta, ambaye kila alfajiri, kabla jua halijauvuka mlima, aliyafagia maegesho ya ndege asiache hata kijiwe, maana kijiwe kikirushwa na upepo wa propela huweza kuharibu kitu cha mamilioni. Mkuu wake, Bwana Abdulmalik, alikuwa amemwonya kwa maneno ambayo hata leo yanamtoa jasho: "Sadock, mwezi uliopita toroli la maji lilibusu mkia wa ndege ya watu. Sasa bawa likigusa kitu, hata kama ni kuku, mimi na wewe tutaagana."

Basi siku hiyo ikavuma angani ndege ndogo yenye mabawa ya chini, imebeba watalii sita wa kwenda mbugani. Sadock alikuwa mwisho kabisa wa njia ya kurukia, vitani na mbuzi kumi na mmoja wa jirani, vita alivyovishinda, japo beberu mmoja alirudi mara mbili kujaribu bahati yake. Aliporejea mbio na kushika vibao vyake vyekundu vya kuongozea, ndege ilikuwa imekwisha kutua na inajongea maegeshoni. Akatupa jicho upande wa bawa lake la kushoto. Ndani ya mstari wa manjano, pale pale bawa linapopita, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na gunia la magimbi ubavuni, alikuwa ameketi Bibi Koleta wa Mhezi, mama mzazi wa mkewe Fortunata. Alikuwa ameshuka milima kumwona mjukuu mpya, akaona apitie kwanza kazini kwa mkwewe, akakuta geti wazi.

Pimeni wenyewe, wasikilizaji wangu, uzito wa saa ile. Kumfokea mama mkwe, tena kabla hujamwamkia, ni jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wa Zephania aliyewahi kulifanya akaendelea kualikwa harusini. Kumshika mkono na kumvuta, ndiyo usiseme. Kunyamaza, bawa limfikie mama wa watu, na hapo kwaheri kazi na kwaheri ndoa. Tena kwa miaka minne bibi huyo alikuwa akimuuliza bintiye, kwa ule upole unaouma, "Hivi mumeo anafanya kazi gani hasa, ukiacha kufukuza mbuzi?" Zilibaki hatua ishirini, kisha kumi na tano.

Ndipo shujaa akaingia mbele, akasimama ana kwa ana na dude lile linalonguruma, akainua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha, asitikisike. Ndege ikasimama. Propela zikazunguka kivivu, zikazimika, na kimya kikatanda hata jogoo wa kijiji cha pili akasikika.

Kapteni Sabrina, rubani asiyezoea kuzuiwa njiani, akafungua kidirisha. "Kaka Sadock, kwema? Nina abiria sita, na mmoja wao anataka choo tangu tukiwa juu ya Moshi."

"Ewe Kapteni, mshika usukani wa mawingu," akajibu Sadock, "nafasi ya bawa lako la kushoto imekaliwa, na aliyeikalia hafukuzwi. Nami nilifundishwa kwamba ukiwa na shaka, simamisha. Nipe dakika mbili."

"Nani huyo asiyefukuzwa?"

"Mama mkwe wangu."

Kapteni akamtazama bibi, akalitazama gunia, akavua miwani yake ya jua. "Chukua tatu," akasema, kwani naye ameolewa.

Sadock akaweka vibao chini, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za hapa?"

"Nzuri, mama. Za huko nyumbani?"

Zikaulizwa habari za migomba, za ng'ombe aliyezaa, za goti, za paroko mpya, zikajibiwa moja moja bila kurukwa hata moja, huku watalii wakipiga picha madirishani. Kisha Sadock akakohoa kidogo. "Mama, hapo ulipokaa..."

"Nimekaa hapa kwa sababu pamefagiliwa," akasema Bibi Koleta. "Kwingine kote ni vumbi na mbigili. Nikajua aliyefagia amemfagilia mgeni."

"Ni kweli nimemfagilia mgeni, mama. Ila mgeni mwenyewe ndiye huyu, na mabawa yake ni marefu."

Bibi akaipima ndege toka pua hadi mkia, taratibu, kama anayechagua ndama mnadani. "Basi apishwe," akasema. "Mimi si mgeni hapa. Nimekuja kwa wanangu." Akainuka mwenyewe, akachukua ndoo yake mwenyewe, akatembea hatua tisa hadi nje ya mstari, na Sadock nyuma yake, gunia kichwani.

Injini zikawashwa, vibao vikainuliwa, na bawa likapita pale palipokaliwa bila kugusa hata unyasi. Bwana Abdulmalik aliandika katika daftari la siku: "Ndege imechelewa dakika tatu. Bawa zima." Akafikiri, akaongeza: "Sadock aendelee." Shujaa alifurahi hadi akaketi juu ya gunia la magimbi.

Lakini Bibi Koleta alikuwa ameshatoa simu, akipaza sauti kama anayeita ng'ambo ya korongo. "Fortunata, weka maji jikoni. Niko kazini kwa mumeo. Ndege imekuja na watu ndani, akaisimamisha, akaizimisha kabisa, ili kwanza aniamkie."

Sadock akajitwisha tena gunia bila kusahihisha neno. Na Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, Mhezi yote ilijua kwamba chini ya milima hii yupo mwanamume mmoja tu ambaye ndege humsubiri amalize salamu.