Mjukuu wa Raja Aomba Kura Uru

"Damu ya kifalme haiombi radhi!"

Hiyo ilikuwa kauli ya Kishor, muuza mabomba wa Moshi mjini, mjukuu wa raja, bingwa wa kriketi, na sasa mgombea udiwani huku kwetu Uru. Babu yake, alituambia, alikuwa na tembo wa kupanda na tembo mwingine wa kumbebea mwavuli! Kishor mwenyewe alikuwa na pikipiki, nayo ikiona mlima inazimika.

Kauli aliitoa Jumamosi, akituonyesha ubingwa. Alipiga mpira, ukapaa juu ya migomba kama umeitwa kileleni Kibo, ukatua ndani ya ndoo ya Mama Mektrida, aliyekuwa akikamua. Maziwa chini! Ng'ombe akagoma kukamuliwa.

"Sema pole tu, baba, yaishe," Mama Mektrida akamwambia.

"Shikamoo, mama. Ng'ombe nimeshamwomba radhi. Kwa binadamu ndiyo haiwezekani!"

Uru nzima ikanuna. Kura zikaanza kuchacha.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na mkutano. Kishor alitaka kuingia kifalme, na shada la maua shingoni, ila maua aliyasahau mjini. Kwenye mpaka wa shamba akaona majani marefu ya kijani, yanang'aa. Mtoto wa mjini huyo, angejuaje? Akayakata, akajivika shingoni, mengine kichwani. Akaingia kwa maringo, akainama, akamkabidhi Mama Mektrida jani moja.

Umati ukainuka!

Ndugu zangu, lile lilikuwa sale. Kwetu Uchaggani ndilo jani la kuombea msamaha, ukiletewa, hukatai. Na hajatokea mkosaji aliyelivaa mwili mzima!

"Masikini, kumbe inamuuma hivi!" Mama Mektrida akafuta machozi. "Nimekusamehe, mwanangu."

"Kunisamehe? Mimi?"

"Na mimi, Mangi, mfalme wetu!" akadakia Melkior, fundi bomba wetu. "Lile bomba lako lilivuja siku ileile niliyolinunua. Yameisha!"

"Mimi namsamehe hotuba ya juzi!" akapaza sauti Elisifa kutoka nyuma.

Kishor akatazama majani, akatazama umati. Akikataa, anapoteza kura. Akikubali, anampoteza babu, na tembo wote wawili.

Akammeza babu.

"Asanteni," akanong'ona.

Vigelegele! Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, akanywa, uso ukachanua.

"Kwa hiyo kura mtanipa?"

Mama Mektrida akamshika mkono, kwa upole kabisa.

"Mwanangu, tumekusamehe yote. Hata hilo la kugombea."