Mama Amepata Sifuri

Jumanne, 4 Novemba 2025, Giakanja
Nimemaliza! Programu yangu ya simu ya kunoa kumbukumbu za wazee iko tayari. Mzee anaonyeshwa picha ya mtu wa kwao, anaulizwa huyu ni nani, anabonyeza jibu. Akikosa, honi inalia. Honi ni wazo langu mwenyewe.

Mteja wa kwanza ni Mama. Juzi aliunguza sufuria ya githeri kwa mara ya pili, na dada yangu Sophie ameapa kumhamishia kwake Nairobi Jumapili. Mama bila shamba lake atanyauka. Nitamwonyesha Sophie alama, anyamaze.

Jumatano, 5 Novemba
Sifuri!

Kwanza, vidole. Mama amechuma kahawa maisha yake yote, vidole vimekuwa vigumu, kioo cha simu hakivitambui. Maandishi nayo madogo. Ikabidi nimsomee na kumbonyezea.

Ikatokea picha yangu. Akasema, babangu. Honi! Picha ya Sophie. Akasema, mamangu. Honi tena! Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mwanawe. "Ndiyo, Baba," akasema. Nikaitika. Nimeitika hivyo tangu utotoni, kwa kuwa nilipewa jina la babake, Kinuthia, na Sophie akapewa la mamake, kama ilivyo desturi yetu. Lakini mashine haina desturi.

Akaniuliza kama kweli kichwa chake kimeisha. Nikazima simu. Alikaa jikoni bila kuwasha moto. Imeniuma sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeenda zahanati kumpeleleza Musembi, nesi anayewakusanya wazee wenye shida ya kusahau. Ana kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja, kikubwa kama kifuniko cha sufuria. Bibi anakipiga kwa kiganja, sauti ya mjukuu inamsalimia, naye anaanza kusimulia. Hakuna alama! Hakuna honi! Wanacheka tu. Upuuzi.

Nikamwonyesha yangu. Akauliza ati kwa nini sikumwuliza Mama kwanza yeye huwaitaje watu wake. Mtu wa Machakos anifundishe mambo ya kwetu!

Nimepata njia ya mkato. Nimeibadilisha programu: kila jibu ni sahihi.

Jumapili, 9 Novemba
Sophie amefika na masanduku. Mama akapata mia kwa mia. Sophie alifurahi mno, hata akaomba naye ajaribu. Ikaja picha ya ng'ombe wetu. Akabonyeza "Mume wangu". Simu ikapiga makofi na kumpa hongera. Jamani!

Akaniita mwongo, akaingia chumbani kufungasha nguo za Mama. Mama akamfuata na simu, akaketi juu ya zile nguo, akamwonyesha picha moja moja, mimi nikimbonyezea. Huyu ni baba, ana jina la babangu aliyelima kule Kangema. Huyu ni mama, ndiwe wewe. Hakukosea hata kidogo, mpaka picha ya mwisho, ya binti mdogo wa Sophie. Akasema huyu anamponyoka, lakini angependa kumjulia hapa nyumbani kwake.

Sophie alilia. Nami nililia, sifichi.

Tukampigia Musembi. Mama anabaki! Jirani yetu Tabby atakuwa akipika naye, na mjukuu atarekodi sauti yake kwa ajili ya kile kisanduku.

Jumatatu, 10 Novemba
Programu yangu imeshinda! Bila hiyo, Mama angekuwa Nairobi saa hii.

Nimeamka na toleo jipya, la wazee wote wa kanisa letu. Halina picha, kwa hiyo hakuna wa kuchanganyikiwa. Swali la kwanza ni jepesi kabisa: una watoto wangapi? Nikamsomea Mama. Akashtuka, akasema watoto hawahesabiwi, ni kuwatafutia mkosi, na hakuna mzee wa hapa atakayenijibu. Akanisihi niwaulize wenyewe kwanza.

Maskini, hata idadi ya wanawe imeshamtoka. Kesho nitaanza na yeye.