Injinia na Chama cha Wayeyushaji

"Nauliza hivi, mfuniko wangu uko wapi?"

Mama Pacha alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akiuliza kwa sauti ambayo haijawahi kuzuiwa na ukuta wowote. Jirani yake, kinyozi, alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo ya chuma aliyoikandika udongo kwa ndani ikawa tanuri. Ubavuni mwa ndoo alikuwa amechomeka mdomo wa mashine ya kukaushia nywele. Mashine hiyo ilikuwa haijui tena nywele za mtu; kazi yake siku hizi ilikuwa kupuliza makaa.

"Mfuniko upi, jirani?"

"Wa sufuria kubwa. Niliuegemeza hapo ukutani asubuhi."

Kinyozi akachungulia ndani ya ndoo kwa adabu, kama anayemtazama marehemu. "Ulikuwa na kishikio cheusi?"

"Ndiyo huo."

"Kishikio kipo," akasema.

Mama Pacha akavuta pumzi, na waliomfahamu wakaanza kuondoa viti vyao karibu. "Wanaume wa rika lako wanacheza karata. Wewe umekaa kupika mifuniko. Mashuka yangu yote majivu. Na ungekuwa unauza ningesema, haya, mtu anatafuta riziki. Shaba imejaa chini ya kitanda chako mpaka mkeo analala kama yuko ghorofani, na hujauza hata kipande."

"Siuzi. Napenda tu."

"Unapenda nini, moshi?"

Nje ya ukuta, mtu mmoja aliyekuwa amejikunyata anafunga kamba za kiatu aliacha kufunga. Mtu huyo mtaani kwao anaitwa Injinia, cheo alichojitunuku mwenyewe siku aliponunua kalamu za kupanga mfukoni. Hajawahi kujenga kitu. Ila kwa mdomo ameshajenga mengi, na waliohamia humo bado wanamtafuta. Kuhusu madini alijua jambo moja tu: nyuma ya stendi kuna mnunuzi wa vyuma chakavu, na akiona shaba haulizi imetoka wapi.

Shaba. Chini ya kitanda. Haiuzwi. Injinia alikaa pale na kiatu chake wazi, moyo umejaa shukrani.

Kesho yake akaingia uani amevaa koti na tai, shingoni ananing'iniza beji ya mkutano wa wafuga kuku aliyoigeuza nyuma mbele. Mkokoteni wa kukodi aliuacha getini, kwa heshima.

"Naitwa Injinia. Natafuta kwa mzee mwenye tanuri," akasema. "Habari zake zimetufikia."

"Zimewafikia nyie kina nani?" akauliza kinyozi, akijifuta masizi.

"Chama cha Wayeyushaji wa Nyumbani."

Kinyozi akakaa juu ya gunia la mkaa. Tangu aanze mchezo huu hakuna aliyewahi kumsikiliza. Akitaja risasi, shemeji yake anakumbuka safari. Akitaja bati, wateja wa kinyozini wanainuka kitini na kichwa kimenyolewa nusu. Na leo anaambiwa kumbe wapo wengine, wamekaa mahali, wana chama.

"Kipo kweli?"

"Mzee, kina mpaka mweka hazina."

Akamwingiza ndani. Mke wa kinyozi alikuwa jikoni anapika, akamtupia mgeni jicho moja, akarudi kwenye chungu chake. Kinyozi akapiga magoti, akatoa hazina yake kutoka chini ya kitanda. Kila alipoyeyusha shaba aliimimina kwenye trei ya kuokea keki, kwa hiyo kila kipande kilikuwa na umbo la keki ndogo, kimesuguliwa mpaka unajiona meno. Alitaja asili ya kila kimoja: hiki nyaya za feni, hiki bomba la jokofu, hiki kitasa cha mlango wa mama mkwe, ambao haufungiki mpaka leo. Hizo zilikuwa jioni zake zote za miaka mingi, na ukiziondoa anabaki mtu wa mkasi tu.

Injinia alitikisa kichwa kila panapostahili. Mara akaokota vipande viwili. "Mbona hiki cha nyaya kinang'aa kuliko hiki cha bomba?"

Kinyozi alimjibu mpaka chai ikapoa.

"Mzee," Injinia akasema alipopata upenyo, "tuna maonyesho makubwa. Vipande vyako vikikaa nyumbani ni dhambi. Vikae mezani, juu ya kitambaa chekundu, jina lako mbele. Baada ya wiki navirudisha mwenyewe kwa mkono huu."

Hapo akawa amemvika kilemba cha ukoka na kukifunga fundo. Kinyozi akaanza kubeba shaba kupeleka mkokotenini, mwenyewe, akiomba radhi kwa kuchelewa.

Mama Pacha, aliyekuwa anafua upya mashuka yake kwenye beseni karibu na geti, akanyoosha shingo. "Na asiyeyeyusha lakini ana chombo cha shaba, chama kinamtazamaje?"

"Kwa jicho la huruma, mama. Wafadhili wanapewa posho."

Neno posho likafika kila chumba kabla hajalimaliza. Mama Pacha, yule yule wa jana, akakimbilia ndani kutafuta sinia lake la shaba. Fundi cherehani akaleta pasi ya mkaa ya babu yake, akaulizwa kama ni shaba, akasema ina moyo wa shaba. Ikapakiwa. Injinia hakuwa mtu wa kubagua.

Mkokoteni ukalemewa mpaka magurudumu yakalia. Injinia akashika mpini. Ndipo sauti ya kinyozi ikatoka dirishani, akimwita mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Mke wangu, yule bwana ameshaondoka?"

"Bado. Yupo hapa getini."

"Mzuie hapo hapo. Nimemwekea risasi."

Tabasamu la Injinia lilibaki usoni peke yake. Vingine vyote vilishaondoka.

"Ile ya juu ya kabati?" mke akauliza, bila haraka.

"Hiyo hiyo. Mtu kama huyu sijawahi kumpata tangu nianze. Nimpe moja au mbili?"

"Moja inamtosha. Ni kubwa."

"Basi ngoja niifute vumbi, haijatoka siku nyingi."

Injinia akaachia mpini. Mguu niponye. Lakini koti lilinasa kwenye msumari wa mkokoteni, akalivua akiwa anakimbia, akageuka kuchungulia dirisha, na pale getini akakutana uso kwa uso na Mama Pacha, ndiyo kwanza analeta sinia lake. Akamkwepa. Beseni hakulikwepa. Akatua katikati ya mashuka kwa mlio ambao fundi cherehani anauigiza mpaka leo akiombwa.

Kinyozi akatokea mbio, kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa. "Bwana Injinia, unakwenda wapi bila risasi yako?"

"Mzee, usinipige," Injinia akalia, shuka kichwani, macho kayafumba. "Chama hakipo. Maonyesho hayapo. Shaba nilikuwa naipeleka nyuma ya stendi. Tai nimeazima. Na lile lori nililowauzia wanakwaya halikuwa langu, lilikuwa limeegeshwa tu."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu lori.

Injinia alipofungua jicho moja akaona mkono wa kinyozi, na kiganjani keki ndogo ya kijivu.

"Risasi," kinyozi akasema polepole. "Vile vyuma vya kusawazishia tairi. Nimeyeyusha. Nilitaka nikupe zawadi."

Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka, na akishaanza yeye ua mzima hauna hiari. Fundi cherehani alishika ukuta asianguke. Wengine wanasema mke wa kinyozi alijua toka mwanzo, kwa vile alivyotamka ile "ni kubwa". Ukimuuliza anakwambia alikuwa anaangalia wali usiungue.

Asiyecheka alikuwa kinyozi. "Kwa hiyo chama hakipo."

"Hakipo, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata mwanachama mmoja."

Kinyozi akatazama keki zake mkokotenini. Zote zilikuwepo, wala hilo halikumchangamsha. "Na lile swali lako? La nyaya na bomba? Nalo lilikuwa uongo?"

Injinia alifungua mdomo, na kwa kuwa uongo wote ulikuwa umeisha kwenye maungamo, ikatoka kweli. "Hilo hapana, mzee. Hilo lilinitoka tu. Nilitaka kujua."

"Twende naye polisi," fundi cherehani akasema.

"Polisi baadaye," Mama Pacha akajibu. "Nani atafua haya mashuka? Kwanza afue."

Akafua. Alifua ameketi kwenye kigoda, tai ikielea ndani ya beseni, wapangaji wamemzunguka na viti vyao wakimwelekeza: pindo hilo bado, suuza tena, wewe hujawahi kufua. Mama Pacha alishika uenyekiti. Kila mtu alirudishiwa chombo chake, na pasi ikarudi kwa mwenyewe na moyo wake wa shaba. Kinyozi alibeba keki zake ndani moja moja, kisha akatoka kukaa karibu na beseni, anamtazama tu mfuaji kama mtu anayepima jambo.

Shuka la mwisho lilipopanda kamba, fundi cherehani akasimama kumshika mfuaji mkono ampeleke polisi. Mke wa kinyozi akatokea mlangoni na taulo.

"Muache, fundi. Shemeji, jifute, unawe mikono uje ule. Na wewe Mama Pacha, ingia. Wote ingieni, nimepika kingi."

Injinia akalitazama geti, lililokuwa wazi, kisha akamtazama kinyozi, aliyeshainuka na kumvutia mkeka.

"Kaa hapa karibu yangu," kinyozi akasema. "Tutaanza na bati."