Mwavuli wa Mbinguni kwenye Ukuta wa Saluni

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu katangaza: nisipopata kazi ya uchoraji hadi Jumamosi, naenda kupakua mizigo dukani kwa kaka yake. Mimi! Msanii! Niamrishwe na shemeji mwenye kidomodomo? Thubutu!

Jioni bahati ikaniangukia. Mama Saluni anataka ukuta wenye alama za kiroho, wateja watulie wakisukwa. Kaniuliza kama najua maana zake. Nikamwambia nimezisomea. Mungu anisamehe.

Jumanne, 5 Machi
Sijui alama hata moja. Nimehangaika kutwa. Kisha, nikichagua vitunguu vya kupikia, macho yakatua kwenye boksi vilimokuwa: glasi, mwavuli, mishale miwili ikitazama juu. Zimechapwa pande zote! Mtu hachapi kitu pande zote bila sababu ya kiroho. Nimezinakili chapuchapu.

Alhamisi, 7 Machi
Ukuta umekwisha. Dhahabu juu ya bluu, unameremeta. Nimewafafanulia: glasi ni Kikombe cha Uzima, mwavuli ni Ulinzi wa Mbinguni, mishale ni Roho Ikipaa. Mama Saluni kafuta machozi. Msusi wake kaomba nirudie ile ya mwavuli. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Nimekwenda saluni kudai malipo yangu, mara shemeji kamleta mkewe kusukwa. Kauona ukuta, kacheka mpaka kashika kiti. Akaitangazia saluni nzima kuwa hizo ni alama za maboksi: mzigo huu unavunjika, usilowe, usipinduliwe. Nikaanza kuutafuta mlango.

Mama Saluni akausogelea ukuta. Kisha akasema tangu afiwe na mumewe watu wanamrusharusha kama gunia, hakuna aliyewahi kukumbuka kwamba naye anavunjika. Ukuta usiguswe! Akanilipa palepale. Shemeji akaambiwa akamsubiri mkewe nje. Na mvua ilikuwa inanyesha! Nimelala nikicheka.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kaniandalia chai bila kununa. Sibebi mzigo wa mtu! Tena muuguzi mkuu, aliyekuwa anasukwa jana, anataka nimpambie wodi ya wazazi. Safari hii nimekuwa makini, sigusi boksi. Nimepata alama safi kwenye kopo la sumu ya panya: kichwa kinatabasamu meno yote nje, chini yake mikono miwili imepishana. Nimeiita Furaha ya Uzazi. Kesho naanza kuichora, kubwa, juu ya kila kitanda.